Uji wa Dakika Kumi na Tano

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Birmingham bado giza. Basi namba 11 linalizunguka jiji kama ngamia wa kinu, na ndani tumo sisi. Nakujua. Unanijua. Hatusalimiani hata, kila mmoja kajikunyata ndani ya koti, chini ya koti sare ya zambarau au ya buluu, kitambulisho shingoni, macho kwenye simu. Tunasoma rota.

Isome vizuri leo. Saa moja kamili, Erdington. Saa moja na robo, Erdington hiyohiyo, mtaa wa tatu. Saa moja na nusu, Perry Common. Saa mbili kasorobo, Kingstanding. Sasa nijibu: toka mlango wa kwanza hadi wa pili umeandikiwa dakika ngapi za njia?

Sifuri.

Mungu hakukupa mabawa, ofisi imekupa. Nawe ukapokea, ukasema asante.

Lakini dakika za njia lazima zitoke mahali, na unajua zinakotoka. Unamwibia bibi wa kwanza dakika tano umpelekee wa pili, wa pili unamwibia saba umpelekee wa tatu, na ikifika saa nne huna tena wa kumwibia ila mwili wako mwenyewe. Hapo ndipo biashara nzima ya huduma za majumbani iliposimama. Hapo tu. Mengine yote ni rangi ya ukuta.

Mgonjwa haulizwi uji, tuliambiwa tangu wadogo. Usimsumbue kwa maswali, mpikie, mpelekee, mlishe. Huku nako mgonjwa haulizwi uji, ila kwa sababu nyingine: ukimuuliza akasema ndiyo, utamchelewesha mwenzake.

Hebu hesabu nami hizo dakika 15. Unabonyeza namba kwenye kile kisanduku cha funguo ukutani, vidole vimeganda, unakosea, unarudia. Unaingia, unajisajili kwenye simu. Unawasha taa, unamwamsha mtu wa miaka 88 aliyelala kwenye mkojo tangu usiku. Unamkalisha. Unamngoja kizunguzungu kiishe, kwa sababu ukimsimamisha haraka ataanguka. Unampeleka chooni, unamwogesha, unambadilisha pedi, unatazama mgongo na visigino kama ngozi imeanza kuwa nyekundu, unamvalisha. Unafungua pakiti ya dawa, unasoma karatasi ya dawa, unampa, unahakikisha amemeza. Unampikia. Unamlisha. Unaandika.

Dakika 15!

Mwanao mdogo humvalishi viatu kwa muda huo.

Wala usidhani wakubwa hawajui. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya afya Uingereza, ilisema tangu Septemba 2015 kwamba ziara fupi kuliko nusu saa ifanywe tu pale mhudumu anapofahamika kwa mgonjwa, ziara yenyewe ni sehemu ya mpango mpana zaidi, na kazi iliyopangwa inatosha ndani ya muda huo. Mwongozo wa serikali wa Sheria ya Huduma ya 2014 nao umeandika kwamba robo saa haimfai mtu anayehitaji kuogeshwa na kusaidiwa chooni. Yameandikwa. Yamepigwa chapa. Yamekaa kwenye kabati yakila vumbi, na sisi tumekaa kwenye basi namba 11.

Unajua kinachokatwa kwanza muda ukiisha? Maneno. "Umelalaje, bibi?" inakwenda na maji. Huenda wewe ndiye mtu pekee atakayemwona siku hiyo, na unaongea naye huku umempa kisogo, unakunja shuka.

Kinachokatwa pili ni kinywaji. Chai unaiweka mezani ikiwa na moto, unaondoka. Mkono wake unatetemeka, kikombe hakifikii. Saa sita anakuja mwenzako, anaikuta imepoa, anaimwaga, anaandika "amekunywa chai". Siku nne hivyo. Mzee akikosa maji, mkojo unamwasha, maradhi yanapanda, akili inavurugika, anamwona marehemu mumewe amesimama dirishani, anainuka usiku kumfuata, anaanguka, nyonga inavunjika. Gari la wagonjwa. Hospitali ya Heartlands. Ukimuuliza daktari atakwambia ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mimi nitakwambia ni kikombe cha chai.

Aliyepata kiharusi na kumeza kwake ni kwa shida, chai yake inatakiwa itiwe ule unga wa kuifanya nzito. Ukiharakisha ukampa nyepesi, inashuka kwenye mapafu. Mwenye Parkinson dawa yake ina saa yake. Ikichelewa, mwili unagoma, miguu inanata sakafuni, koo linafunga. Na paracetamol, hii paracetamol tunayoidharau, inataka saa nne kati ya dozi na dozi. Rota ikikufikisha kwa mtu saa nne asubuhi badala ya saa mbili, na ziara yake ya mchana imepangwa saa sita, utafanya nini? Utampa mbili kwa mpigo, au utamnyima akalie maumivu hadi jioni? Aliyepanga rota hakuliwaza hilo. Aliona visanduku kwenye kompyuta, akavijaza.

Halafu ile kazi ya watu wawili. Mtu mzima hawezi kusimama, ananyanyuliwa kwa mashine ya hoisti, na karatasi yake imesema wazi: wahudumu wawili, kila ziara. Mwenzako yuko Sutton Coldfield, basi limemkwamisha. Ofisi inakwambia, "Anza tu, dada, anakuja." Unaanza peke yako. Mkanda umeshika bega moja, mzee ananing'inia hewani kama gunia la korosho bandarini, analia, nawe unaomba Mungu. Mwenzako anafika ukishamaliza. Mnasaini wote wawili.

Mnasaini.

Hapo ndipo ninapotaka kugombana na wewe.

Maana ya bosi nimeshayazungumza hadi koo limekauka, na bosi hasomi Kiswahili. Wewe unasoma. Ni nani anayeandika "dakika 30" wakati alikaa 12? Ni nani anayeweka alama kwamba dawa imemezwa wakati kidonge kimebaki kwenye kijiko? Ni nani anayejisajili kuingia akiwa bado kituo cha basi, ili simu isipige kelele ofisini? Kampuni haina mkono. Kampuni haina kalamu. Mkono ni wako, kalamu ni yako, jina ni lako.

Nami nasema hivi nikiwa nimefanya. Mwaka wangu wa pili, upande wa Kings Norton, bibi mmoja alikuwa na kidonda cha kulalia kisiginoni. Kilianza chekundu, mviringo mdogo kama sarafu ya peni mbili. Nilikiona Jumanne. Kukiripoti maana yake kujaza fomu, kumpigia muuguzi wa mtaa, kungoja kwenye simu, na nilikuwa nimechelewa kwa watu watatu. Nikaandika "ngozi iko salama". Jumatano nikaandika "ngozi iko salama". Alhamisi sikuwa zamu. Ijumaa nilivua soksi na soksi ikatoka na ngozi.

Siku hiyo nilikaa chooni kwake nikalia, kisha nikaenda kwa mtu wa nne nimechelewa dakika 40, na ofisi ikanifokea kwa kuchelewa. Kwa kidonda hakuna aliyenifokea. Kwenye karatasi ngozi ilikuwa salama.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi hatufichi hata ya kwetu. Tunaficha ya watu, tena kwa ujira wa saa moja moja.

Basi usiniambie kampuni yako ina daraja "Nzuri" kutoka CQC. Nimeiona hiyo nembo ya kijani. CQC, tume inayosimamia ubora wa huduma za afya na matunzo Uingereza, ilianza kazi 2009 na ina maswali yake matano: huduma ni salama? Inaleta matokeo? Ina upole? Inamsikiliza mtu? Inaongozwa vizuri? Maswali mazuri kabisa, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni wapi yanaulizwa. Kazi yetu inafanyika chumbani, saa moja asubuhi, pazia limefungwa. Mkaguzi huanzia ofisini, na kwa huduma za majumbani kawaida huipigia kampuni simu siku moja au mbili kabla, ili amkute mtu. Akifika, mafaili yamepangwa kama vikombe vya harusi. Ndani ya mafaili mna nini? Saini zetu.

Umeona mzunguko wenyewe? Sisi tunadanganya karatasi, karatasi inamdanganya mkaguzi, mkaguzi anatoa daraja, na mtoto wa bibi aliyeko London analiona hilo daraja kwenye intaneti, anamkabidhi mama yake.

Na huyo mkaguzi naye mara nyingi haji. Julai 2024, Dk. Penny Dash, aliyepewa na serikali kazi ya kuichunguza tume hiyo, alitoa ripoti yake ya awali: moja kati ya kila huduma tano zinazosimamiwa haijawahi kupewa daraja lolote. Walikuwepo wakaguzi wa hospitali ambao hawajawahi kukanyaga hospitali, na mkaguzi wa nyumba za wazee ambaye hajawahi kukutana na mtu mwenye maradhi ya kusahau. Waziri wa Afya, Wes Streeting, alikiri hadharani kwamba chombo hicho hakifai kwa kazi yake. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mlinzi kalala, na sisi tunapita kwa kunyata tusimwamshe.

Kwa nini tunanyata? Najua jibu. Liko kwenye pasipoti yako.

Tarehe 15 Februari 2022 Uingereza iliwafungulia wahudumu mlango wa viza. Nafasi zilizokuwa wazi kwenye matunzo mwaka ule zilikaribia 165,000. Wenyewe kazi wameikimbia, mshahara haulipi kodi ya nyumba. Tukaitwa. Tukauza viwanja Kibaha, tukakopa vikobani, tukaacha ualimu, tukaacha benki. Ada ya serikali kwa kile cheti cha udhamini haikufika hata pauni 250 wakati huo, tena ni ya mwajiri kulipa. Wewe ulilipa ngapi? Usinijibu. Nimeshasikia maelfu ya kutosha.

Na aliyekuuzia ni nani? Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa wa kwetu. Anaongea Kiswahili kitamu kukuzidi, anakuita ndugu, harusini yuko meza ya mbele. Machi 2024 ilitoka ripoti ya David Neal, aliyekuwa mkaguzi wa mipaka na uhamiaji: vyeti 275 vilitolewa kwa nyumba ya wazee isiyokuwepo duniani. Kampuni nyingine iliyosema ina wafanyakazi wanne ilipewa vyeti 1,234. Wanne! Vyeti elfu moja mia mbili thelathini na nne! Karani gani aliyagonga mhuri haya bila kucheka?

Halafu watu wakafika Birmingham, Leicester, Coventry, baridi imeshika, kazi hakuna, ofisi ni mlango wenye kufuli juu ya duka la simu.

Serikali ilipozinduka, ilifuta leseni za udhamini. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 zilifutwa zaidi ya 470 katika sekta ya matunzo, na wafanyakazi waliohusishwa na waajiri hao tangu Oktoba 2020 ni zaidi ya 39,000. Machi 2024 wakazuia usije na mke, mume wala watoto. Tarehe 22 Julai 2025 wakaufunga mlango wenyewe kwa wahudumu wapya wa kutoka nje. Anayebaki njiani, kampuni ikipoteza leseni, barua ikishamfikia ana siku 60 atafute mdhamini mwingine au afungashe.

Siku 60. Sasa mweke huyo mtu kwenye chumba cha bibi wa Kings Norton. Ameona kidonda. Ameona mwenzake hakuja kwenye hoisti. Anayetakiwa kumripoti ndiye aliyeshika karatasi zake. Ataongea?

Wanaita haya mambo mawili. Uhamiaji ni wizara nyingine, usalama wa mgonjwa wizara nyingine. Mimi nasema ni chumba kimoja, kitanda kimoja. Mhudumu anayeogopa hawezi kumlinda mtu. Ukimfunga mlinzi kamba ya shingo, usishangae mwizi akiingia.

Na wanajua hilo linavyoua. Januari 2013 maofisa wa mipaka walivamia ofisi ya kampuni ya huduma za majumbani wakitafuta wasio na vibali. Kampuni ikasimama. Mama mmoja wa miaka 81, mkazi wa Banstead, Surrey, alikuwa akitegemea ziara nne kwa siku. Halmashauri ilijua. Hakuna aliyekwenda. Siku tisa. Bila chakula, bila maji, bila dawa, hadi muuguzi wa mtaa alipopita akamkuta. Alifia hospitali mwanzoni mwa Februari.

Siku tisa, katika nchi ambayo mbwa akifungiwa ndani ya gari kwenye jua watu wanavunja kioo.

Kesho wakifuta leseni ya kampuni moja hapa Birmingham, wewe una siku 60. Bibi yako ana ngapi?

Tuje nyumbani, Halmashauri ya Jiji la Birmingham, mnunuzi mkubwa wa hizi dakika tunazoziuza. Tarehe 5 Septemba 2023 ilitoa ile notisi ya 114, kwa Kiswahili cha mtaani: mfuko umetoboka. Kodi ya nyumba ikapanda karibu asilimia 10 Aprili iliyofuata, huduma zikakatwa. Na magazeti yakatuambia sababu mojawapo ni madai ya malipo sawa ya wanawake, ambayo halmashauri yenyewe iliyakadiria kufika hadi pauni milioni 760.

Hao wanawake ni kina nani? Wapishi. Wafagiaji. Na wahudumu wa matunzo! Kazi hiihii. Wenzao waliotangulia walipewa na Mahakama ya Juu haki ya kudai Oktoba 2012, baada ya kulipwa kidogo miaka mingi wakati wanaume wa magari ya taka wakipata marupurupu. Jiji likala jasho la wanaowaogesha wazee wake, lilipoambiwa lilipe likasema wanalifilisi. Cha mlevi huliwa na mgema, lakini huyu mgema sijaona mwenzake.

Na hao wanawake hawakulala kama wewe. Januari 2018 wahudumu wa majumbani wa halmashauri, chini ya chama cha UNISON, waligoma kwa sababu ya rota. Rota! Halmashauri ilitaka kuikatakata siku yao vipande. Waliendelea na mgomo wao, siku hii na ile, zaidi ya mwaka mmoja. Kina mama watu wazima, kwenye baridi, na mabango yao. Wewe ulikuwa bado hujafika, sawa. Lakini leo upo, rota yako ni mbaya mara tatu ya ile, na chama hujajiunga kwa sababu "wanakata hela".

Hela gani? Lete karatasi yako ya mshahara. Kima cha chini tangu Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Ukifanya ziara sita za nusu saa, unalipwa saa tatu, pauni 36.63. Lakini ulikuwa barabarani dakika 90 kati ya nyumba na nyumba. Saa nne na nusu za kazi. Gawanya. Inakuja pauni 8 na peni 14. Sheria imesema muda wa safari kati ya mteja na mteja ni muda wa kazi. Mwaka 2020 wahudumu kumi waliofanya kazi za halmashauri ya Haringey, London, walikwenda baraza la kazi kwa madai hayohayo na wakashinda pauni 100,000 na zaidi kwa pamoja. Kumi tu. Walichokuwa nacho ni daftari la saa zao na chama nyuma yao.

Sisi tuna nini? Tuna makundi ya WhatsApp. Mtu akifa tunachanga, maiti inafika Kilimanjaro au Kisumu ndani ya wiki mbili, na hilo nalisifu, hakuna watu wanaozika kama sisi. Harusi tunachanga. Kipaimara tunachanga. Umewahi kuona kikao kimeitishwa ukumbini pale Small Heath kwa ajenda moja: kampuni zipi zinatufundisha hoisti kwa video ya dakika 20 na kutupa cheti? Ukiitisha, watakuja watu sita, na mmoja wao ni shushushu wa ofisi.

Nina kisa kimoja, nikikumbuka nacheka kwanza.

Nilitumwa Handsworth kwa mzee mmoja Mhindi. Faili limeandika: ana maradhi ya kusahau, Kiingereza kimemtoka, "hutoa maneno yasiyo na maana, huweza kuwa mkali". Naingia, mzee ananitazama, uso unamfunguka kama dirisha, ananipigia kelele: "Boi! Lete maji!"

Boi. Mwaka gani huu, jamani? Alizaliwa Mombasa kabla ya uhuru. Akili yake ilikuwa imerudi kwenye veranda ya baba yake, akaona sura nyeusi, na Kiswahili chake cha jikoni kikaamka chote. Nikamletea maji. Akanywa glasi tatu bila kupumua. Nilipofungua kurasa za nyuma za daftari nikakuta wenzangu, mmoja Mnigeria, mmoja Mzimbabwe, mmoja wa hapahapa, wameandika wiki nzima: "Anasema maji maji maji. Amechanganyikiwa."

Alikuwa na kiu.

Yule alibahatika kukutana na mimi siku ile. Sisi je? Maana hutaondoka Uingereza, acha kujidanganya na ile nyumba ya Kigamboni isiyoisha. Utazeekea Erdington. Kiingereza tulichokipata ukubwani ndicho kitakachotoka kwanza, madaktari wa maradhi haya wanalijua, lugha ya utotoni hubaki nyuma. Utalala kwenye kitanda cha halmashauri, utasema "nisaidie nigeuke", na kijana mwenye dakika 15 ataandika kwamba umechanganyikiwa, atasaini. Atakuwa amejifunza kwa nani?

Mama yangu, Mungu amrehemu, aliuguzwa Tanga na shangazi zangu wawili, zamu usiku na mchana, bila cheti chochote. Huku kuna cheti cha viwango 16 sasa, vilikuwa 15 hadi Machi 2025 walipoongeza kimoja. Sivibezi, nimevisoma vyote na vina maneno mazuri kuhusu heshima. Shangazi zangu hawakuvisoma. Walikuwa na kitu kimoja ambacho hakimo kwenye vyote 16: hawakuwa na pa kukimbilia.

Sheria ya kumlinda mfichua maovu kazini ipo tangu 1998. Halmashauri ina watu wake wa kupokea taarifa za mtu mzima anayedhulumiwa au kutelekezwa, na kifungu cha 42 cha ile Sheria ya Huduma kinawalazimisha wachunguze. Unapiga simu, huhitaji ruhusa ya ofisi. CQC inapokea taarifa hata usipotaja jina, ingawa malalamiko ya mtu mmoja mmoja haiyatatui. Familia isiposikilizwa na kampuni inakwenda kwa msuluhishi wa malalamiko ya halmashauri na matunzo. Yuko Coventry hapo, mwendo wa nusu saa kwa treni, na ni bure. Umeshamwambia hata mtoto mmoja wa mgonjwa wako habari hizo? Au unaogopa watajua aliyewaambia?

Ogopa. Mimi pia naogopa. Lakini andika dakika za kweli. Ulikaa 12, andika 12. Dawa hakumeza, andika hakumeza. Mwenzako hakuja, andika hakuja, na usimsainie. Watu mia wakiandika 12 wiki moja, hakuna mafaili ya kupanga kama vikombe vya harusi.

Mimi nilianza Jumatatu iliyopita. Nilimpikia bibi wa Perry Common uji wa shayiri, nikautia asali kama anavyopenda, nikakaa. Hakuwa na haraka. Kijiko kimoja, anapumzika, ananisimulia habari za kiwanda cha magari cha Longbridge alikofanya kazi mumewe. Niliingia saa moja na nusu. Saa mbili na dakika nne simu ikaanza kutetemeka mfukoni, ofisi. Ikakata. Ikarudia. Bibi akaniuliza, "Hupokei?"

Nikamwambia bado kuna uji.